Kaburi la Msusi Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa sakafuni chumbani kwangu hosteli, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Ndipo mlango uliposukumwa, akaingia Kasuku, yatima wetu wa Jumamosi, akamwambia msusi wangu: "Mama, uzi mweusi umekwisha dukani, nimeleta wa kahawia."

Mama! Yatima anasema mama!

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita liliishia kufungia samaki, nawakumbusha kwa ufupi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilijiunga na Umoja wa Wanafunzi Wakristo, idara ya kusaidia watoto wenye shida, kwa sababu mbili: kumpenda Mungu, na kumpenda Mwenyekiti. Nilipoulizwa siku ya kujiunga, niliitaja ile ya kwanza.

Kila Jumamosi tunakutana na watoto wa mtaa wa nyuma ya chuo katika ukumbi wa kanisa. Sisi tunawapa chai, mkate, madaftari na Neno. Wao wanatupa ushuhuda. Mimi ndiye mratibu wa ushuhuda. Kazi yangu ni kuwaandaa watoto wajue kueleza shida zao mbele ya wageni, maana shida isiyoelezeka vizuri haipati hata penseli.

Kasuku aliponiambia shida yake ni mama anayeumwa vidole, nilimrudisha. "Vidole havitoshi, mdogo wangu," nilimwambia. "Mama wagonjwa tumekuwa nao wengi, wageni wamewazoea. Hebu fikiria zaidi."

Akafikiria. Jumamosi akapanda jukwaani na kumuua mama yake kwa lori.

Ukumbi mzima ulilia, hata mimi, niliyedhani sasa ndiyo amenieleza shida yake ya kweli. Mama Mikate, mwenye kiwanda cha mikate anayetufadhili, alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Palepale akatangaza kwamba atamsomesha Kasuku shule ya bweni mpaka amalize. Sharti lilikuwa moja tu: Jumapili ya wiki inayofuata apelekwe kwenye kaburi la mama wa mtoto, aweke maua, aombe, awaone na ndugu wa marehemu. "Karatasi zinaghushiwa," alisema huku anapenga kamasi. "Kaburi halighushiwi."

Basi turudi chumbani, siku ya Alhamisi, ambako nilikuwa nasukwa ili nipendeze huko makaburini.

Kasuku aliponiona aliganda mlangoni. Nami nikaganda. Msusi peke yake ndiye aliyeendelea na kazi.

"Msalimie dada, mbona umesimama?" alimwambia. Kisha akanieleza mimi: "Ndiye mwanangu huyu, wa pekee. Ana akili, lakini ana maneno! Jumamosi karudi nyumbani ananiambia wanafunzi wa kanisani wamempigia makofi. Namuuliza, umeimba nini? Hasemi."

"Shikamoo, dada," Kasuku alisema, macho kwenye vidole vyake vya miguu.

"Marahaba," nikajibu kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

"Kumbe mnafahamiana?" msusi aliuliza.

Mtu aliyekushika nywele humdanganyi. Nilitikisika kidogo tu, naye akajua.

"Tunafahamiana," nikasema. "Mama, samahani. Wewe ni mama yake wa kumzaa?"

"Kwani nilimwokota?"

"Na hujawahi... yaani, hujapata ajali hivi karibuni?"

"Ajali gani tena?"

Kasuku akaona liwalo na liwe. "Lori," alisema.

"Lori limefanya nini?"

"Limekugonga."

"Lini?"

"Jumamosi. Pale ukumbini."

Msusi aliachia nywele zangu. Kasuku akamweleza yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema bila kupamba. Mimi nilikuwa naangalia zulia, nangoja kofi, ila sikujua litamwangukia nani.

"Lori la nini?" msusi aliuliza hatimaye.

"La mchanga."

"Nikafa palepale au nikapelekwa hospitali?"

"Palepale."

"Afadhali." Akanigeukia mimi. "Na wewe, dada msomi, mlezi wa watoto wa watu. Ulikuwa wapi mtoto akimuua mama yake?"

"Nilikuwa mstari wa mbele," nikasema. "Nalia."

"Ulilia?"

"Sana."

"Na huyo mama wa mikate?"

"Alilia kutushinda wote."

"Na hata hanijui," msusi alisema.  Kisha akashika tena nywele zangu, akaendelea kusuka, lakini sasa alikuwa anavuta mpaka nyusi zangu zikapanda.

Nilimwambia kwamba kesho yake asubuhi nitakwenda kwa Mama Mikate kumweleza ukweli, nipige magoti, yaishe. Msusi alinigeuza kichwa upande wa ukutani. Alimuuliza Kasuku: "Hiyo shule ina nini?"

"Kila mtu na kitanda chake," Kasuku alisema haraka. "Kuna maktaba. Na mvua ikinyesha hakuna anayeamka kuhamisha godoro."

Msusi alisuka mistari miwili. Ndipo nilipoviangalia vidole vyake vizuri. Viungo vilikuwa vimevimba, na kila alipokaza fundo alikuwa anauma mdomo. Vidole ambavyo mimi, mratibu, nilisema havitoshi.

"Mwezi ujao nilikuwa namwachisha shule," alisema polepole. "Awe ananisaidia kusuka. Vidole hivi vimeshakataa. Nilikuwa sijamwambia."

Kasuku alimtazama mama yake. Hakuwa na maneno, na hilo lilinitisha kuliko lori.

"Kwa hiyo usiende popote kesho," msusi aliniambia. "Mwache mtoto aende shule. Mimi niacheni nife."

"Lakini mama, huo ni uongo!"

"Uongo mmeshausema. Sasa mnataka kuniua nusunusu?"

"Kuna kaburi. Na anataka kumwona ndugu wa marehemu."

"Ndugu wa marehemu si mimi? Nitakuwa mdogo wake. Nani anamjua marehemu kuliko mimi?"

 Akanimalizia kichwa, huku ananieleza habari za baba yake Kasuku, ambaye aliaga anakwenda kutafuta kazi kabla mtoto hajaanza kutembea, akapotea njia ya kurudi. Alinieleza bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari za mwavuli uliosahauliwa kwenye basi. Alipoondoka alikataa hela yangu. Alisema marehemu hapokei.

Usiku huo dhamiri ilinisumbua. Ni kweli ninayo, ingawa mnaonifuatilia tangu mwanzo mna haki ya kushangaa. Asubuhi nikaona bora nimweleze Mwenyekiti, maana yeye ndiye kiongozi wetu wa kiroho.

Kwa wageni wa hadithi hii: Mwenyekiti ni kijana anayevaa suti hata jua likiwaka, na mezani hawezi kuomba chumvi bila kutanguliza "Bwana asifiwe". Nilimkuta katika ofisi ya Umoja, kile chumba cha nyuma ya kanisa tunachogawana na mifagio, anakunja fulana mpya. Mbele zilikuwa na picha ya Kasuku akilia. Mgongoni ziliandikwa YATIMA WETU, TAJI LETU.

"Mwenyekiti," nikasema, "Kasuku si yatima. Mama yake yu hai. Jana amenisuka."

Alinitazama kichwani. "Umependeza, dada," alisema.

Jamani, neno hilo nimelingoja tangu mwaka wa kwanza! Nimeimba kwaya, nimefagia ukumbi, nimefunga na kuomba, sikulipata. Nilisimama pale natabasamu, nikasahau kabisa nilichokuja kusema. Yeye ndiye aliyenikumbusha.

"Huyo mama anasali?"

"Nani?"

"Huyo unayesema yu hai."

"Si sana. Jumapili ndiyo siku yake ya wateja wengi."

"Basi amekufa," Mwenyekiti alisema, akachukua fulana nyingine. "Amekufa kiroho. Na aliyekufa kiroho ndiye aliyekufa kweli. Umoja haujamdanganya mtu."

"Na kaburi?"

"Makaburi yapo."

"Mwenyekiti, Mama Mikate akigundua..."

Aliiweka fulana chini, akanishika bega. "Dada yangu, tukimwambia leo, mkate unakoma kwa watoto wote. Unataka watoto wote wale hasara kwa ajili ya ukweli wako mmoja?"

Ukweli wangu mmoja! Kana kwamba nimeutoa kwetu kwenye mkoba. Lakini mkono ulikuwa bado begani, na mkono ule ulinifanya mjinga, nasema wazi. Akasema tuombe. Akaomba mpaka miguu ikanifa ganzi. Alipofumbua macho, alisema ameonyeshwa kwamba tusihukumu. Sikuuliza ni nani aliyekuwa anahukumiwa. Nikachukua fulana ya saizi yangu nikaondoka.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada tukaandamana kwenda makaburini, fulana nyeupe kwa nyeupe, uso wa Kasuku unalia kwenye kila kifua. Tulikuwa na gitaa, spika ya kubeba na kipaza sauti. Mama Mikate alikuja na gari na shada la maua la kumtosha waziri. Msusi alikuja kwa miguu, amevaa nyeusi juu mpaka chini, kitambaa cha kuazima kimemfika kwenye nyusi.

"Wewe ndiye mama mdogo?" Mama Mikate alimpokea kwa mikono miwili. "Pole sana, mdogo wangu. Mlifanana na marehemu?"

"Sana," msusi alijibu. "Watu walikuwa wanatuchanganya."

Tulipofika langoni ndipo Mwenyekiti aliponisogelea. "Lipi?" alininong'oneza.

"Lipi nini?"

"Kaburi. Si ulitafuta kaburi?"

"Mimi? Si wewe ulisema makaburi yapo?"

Tukamgeukia msusi. Msusi akatutumbulia macho. "Nyinyi ndio wenye kanisa," alisema huku amebana meno. "Mlitaka maiti ajitafutie?"

Hivyo ndivyo Umoja wetu unavyofanya kazi. Fulana tulikuwa nazo, wimbo tulikuwa tumefanyia mazoezi wiki nzima, hata zamu za kulia zilikuwa zimepangwa. Kaburi hakuna aliyelikumbuka.

Kasuku ndiye aliyetuokoa. Alitangulia mbele ya wote na kwenda kama mtu anayekwenda kwao. Akayapita makaburi ya vigae yenye picha. Akayapita yenye majina ya kuchonga. Akasimama kwenye kaburi la msalaba wa mbao, ambao maandishi yake yalikuwa yamefutwa na mvua. Pembeni limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na hapakuwa na hata jani moja la magugu.

"Ni hapa," alisema.

Mama Mikate alishika kifua. "Mtoto wa umri huu analipalilia kaburi la mama yake namna hii! Na wetu majumbani, sahani tu hawaondoi mezani."

Mimi yale mawe yalinitia wasiwasi. Kaburi lililopaliliwa lina mtu wake. Lakini gitaa lilikuwa limeshaanza.

Tuliimba, Mwenyekiti akaomba, Mama Mikate akaweka shada lake. Kisha kipaza sauti kikapewa mama mdogo amzungumzie dada yake. Niliogopa. Huyu sikuwa nimemwandaa hata kidogo.

"Dada yangu!" msusi aliita, na sauti ikazunguka makaburi yote. "Dada yangu alikuwa mzuri! Aliyemwona alijua!"

"Jamani!" Umoja ukaitikia.

"Alisuka maharusi wa watu, kichwa chake mwenyewe akakifunga kitambaa! Aliamka wa kwanza, akalala wa mwisho! Mkisukwa mnajitazama kwenye kioo, aliyewasuka hamumtazami!"

"Jamani!"

"Alimlea mtoto huyu peke yake! Peke yake! Na hakuna aliyempa pole mpaka alipokufa!"

Hapo sauti ikamkatika, na haikuwa maigizo tena. Alikuwa analia kilio cha siku nyingi. Mama Mikate alilia. Mpiga gitaa alilia ingawa haikuwa zamu yake. Mimi niliyejua kila kitu nililia kwa aibu. Kasuku alikimbia akamkumbatia mama yake kiunoni, akaficha uso kwenye sketi nyeusi. Sikuwa nimemfundisha hilo.

"Poleni, jamani," sauti ya kiume ilisema nyuma yetu. "Mmefiwa?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, amebeba jembe begani na dumu la maji mkononi. Kwa vumbi la mbao lililoganda kwenye suruali yake nikajua ni fundi seremala, na baadaye yeye mwenyewe alisema hivyo.

"Tumefiwa na mama wa mtoto huyu," Mwenyekiti alimjibu.

"Poleni sana. Kaburi lenu liko wapi?"

"Ni hili."

"Hili?" Fundi akalitazama kaburi, akatutazama sisi, akaona shada. "Hapana, ndugu yangu. Hapa amelala mke wangu."

 Mama Mikate aligeuka taratibu kumwelekea Mwenyekiti, na wanja wake ulikuwa umeshaanza safari ya kidevuni.

"Mwenyekiti?" alisema.

Jasho lilikuwa linamtiririka Mwenyekiti ndani ya kola. Nakiri nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa yamekwisha, ukweli umekuja wenyewe na jembe lake, hakuna tena wa kuniuliza mimi. Lakini nilikuwa simjui Mwenyekiti vizuri.

"Haleluya!" alipiga kelele. "Mke wake! Ndugu zangu, hamwoni? Mke wake ndiye mama wa mtoto! Tumekuja kumlilia mama, Bwana ametuletea baba!"

"Haleluya!" Umoja ukalipuka. Gitaa likaingia.

Nilingoja fundi acheke, au atutimue kwa jembe. Hakufanya hata kimoja. Aliliweka jembe chini polepole, na dumu pembeni yake, kama mtu aliyeambiwa asipige kelele.

"Mtoto ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Tisa," Mama Mikate alimjibu.

Fundi alifumba macho, midomo yake ikicheza kama anayehesabu miaka. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Mke wangu aliniacha," alisema, na hakuwa anamwambia mtu mahususi. "Ndugu zangu walimwita tasa mbele yangu, nami nilikaa kimya. Akafunga virago. Huko alikokuwa alikaa miaka. Aliporudi alikuwa mgonjwa, hakusema alikuwa wapi, nami niliona aibu kumuuliza. Siku zake za mwisho alikuwa anaita, 'Mwanangu, mwanangu.' Nilidhani ni homa."

Wasomaji, nimewachekesha tangu juu, na mengi yalistahili kuchekwa. Lakini hapo kicheko kilinitoka chote. Makaburini pale tulikuwa watu wengi wenye fulana safi, na mtu pekee ambaye hakuwa amesema uongo ni huyu aliyepiga magoti mbele ya Kasuku.

"Una mashavu yake," alimwambia.

Mashavu yale yalikuwa ya msusi. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, kitambaa kimemfunika nusu ya uso, na hakuna aliyemtazama.

Kasuku alimwangalia fundi kwa muda mrefu. Mtoto huyu anajua kumpa kila mtu anachotaka kusikia, na mimi ndiye niliyemnoa. Lakini safari hii sikuona ujanja usoni mwake. Niliona mtoto ambaye hajawahi kupigiwa magoti na mtu.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu," fundi alijibu, na neno la pili halikumtoka lote.

Hapo ndipo fujo ilipoanza. Waliokuwa wanalia wakacheka, waliokuwa wanaimba wakalia, na hakuna aliyeuliza lori la mchanga limeishia wapi. Mama Mikate alimkumbatia fundi, akamkumbatia Kasuku, akamkumbatia hata Mwenyekiti na jasho lake. Kisha akanyoosha mkono watu wanyamaze, maana yeye kwa kutangaza hajambo.

"Mtoto mwenye baba bwenini atafuata nini?" alisema. "Kusoma atasoma, neno langu liko palepale. Atasoma shule ya karibu na kwa baba yake. Na leo hii analala kwa baba yake. Gari lile pale, tunakwenda kuchukua vitu vyake sasa hivi." Akamgeukia msusi. "Na wewe mama mdogo, umebeba mzigo usio wako. Mungu akulipe. Sasa pumzika."

"Mzigo usio wangu," msusi alirudia.

Alisema taratibu sana, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyesikia.

Fundi aliinuka, akapangusa magoti, akamwendea. Alivua kofia yake. "Shemeji," alisema, "dada yako hakuniambia kwamba ana mdogo wake. Wala simlaumu, hakuna nililomuuliza. Mtoto huyu ni wa upande wenu kabla hajawa wangu. Usiponiruhusu, simchukui, hata hawa waimbe namna gani. Nimetengeneza vitanda vya watu maisha yangu yote. Ukiniruhusu, chake naanza leo."

Watu wakaguna kwa huruma. Mwenyekiti akamsogezea msusi kipaza sauti mdomoni. "Kubali, mama," alimnong'oneza, akitabasamu kwa ajili ya Mama Mikate. "Sema ndiyo, tufunge kwa sala."

Msusi alikishika kile kipaza sauti kwa vidole vyake vilivyovimba. Nilikuwa nauona mtego wote alioingia. Akisema ndiyo, amemgawa mwanawe wa pekee mchana kweupe, na yeye mwenyewe ni marehemu asiye na haki ya kumdai. Akisema hapana, shule imekwenda, na Kasuku anarudi kusuka vichwa vya watu kama mimi. Na mwanamume huyu mwema anafiwa upya juu ya kaburi lilelile.

"Mimi..." alianza, spika ikakwaruza. Akaitazama ile mbao isiyo na jina. Akamtazama fundi. Kisha akatafuta kwenye fulana zote mpaka akaniona nilikojificha, nyuma ya mpiga gitaa.

"Dada," aliniita, na sauti yake ikatoka kwenye spika mbele ya watu wote. "Wewe ndiye unayefundisha watu kusema. Njoo hapa uwaambie mimi ni nani."

Kila mtu akageuka. Sijui nilifikaje mbele. Mwenyekiti alinishika kiwiko nilipompita, ule mkono niliouota mwaka mzima, nami nikauondoa. Mama Mikate aliuliza, "Kuna nini?"  Nikapokea kipaza sauti. Kwa mazoea mdomo wangu ukasema, "Bwana asifiwe."

"Amina!" wakajibu wote.

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeamua, wasomaji wangu. Mara hii moja nilikuwa nimeamua kabisa.

Ndipo nilipomwona Kasuku. Alikuwa amesimama pembeni ya fundi, amekishika kidole gumba cha fundi kwa mkono mzima. Alikuwa ananikazia macho mimi, na alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kulia na kushoto. Usiseme.

Na mama yake alikuwa anamtazama.